Mbuzi Aliyepatikana Kabla ya Kupotea

Nyumbani walimwita Shairi, na msidhani lilikuwa jina la sifa. Alibandikwa jina hilo na mjomba wake siku alipotangaza kwamba anakwenda chuo kusoma fasihi na historia. Mjomba alikuwa na karakana ya kuchomelea mageti, pamoja na maoni juu ya kila kitu chini ya jua. Aliweka kikombe chini, akamtazama mpwa wake juu mpaka chini, akauliza, "Sasa hilo shairi linaliwa au linavaliwa?" Watu wakacheka mpaka mama mtu akajifuta machozi. Jina likaganda. Hata baba yake, ambaye hakuwa na mazoea ya kumchokoza mtoto, alilitumia, ila yeye alilitamka polepole, kama anaonja kitu kitamu.

Swali la mjomba lilikuwa la kipuuzi, na siombi radhi kusema hivyo. Lakini mwaka wa mwisho wa chuo ulipofika, swali lile liliondoka pale sebuleni likamfuata binti wa watu kila ofisi. Chuo kilikuwa na sharti lake: huhitimu mpaka uwe umekaa kazini mahali fulani muhula mzima, ukajifunza kwa vitendo, na mahali penyewe ujitafutie. Wenzake wa uhasibu waligombewa. Wa kompyuta walipigiwa simu hata kabla hawajaomba. Wa fasihi walibaki wakipeana pole kwenye ngazi za maktaba.

Chuoni kulikuwa na bwana mmoja wa dawati la ajira, tai yake ndefu kupita mkanda, aliyewafundisha kuandika wasifu usiozidi ukurasa mmoja. "Jinadini," aliwaambia. "Usipojinadi wewe, nani atakunadi?" Shairi akaandika kwamba anajua kusoma, kuandika na kusikiliza. Alipoitazama karatasi aliona aibu, maana hayo hata mtoto wa shule ya msingi atakwambia anayajua. Akaongeza "ninajifunza haraka", akafuta, akarudisha.

Akaenda benki. Dada wa mapokezi akausoma ule wasifu, akainua nyusi. "Fasihi ndiyo nini? Ile ya hadithi?"

"Ndiyo, dada."

"Sisi hapa hatuna hadithi, mpenzi."

Uongo mtupu, kama mtu yeyote aliyewahi kuomba mkopo anavyojua, lakini Shairi alishukuru akaondoka. Akaenda kampuni ya bima, wakamwambia watampigia, akakaa na simu mkononi mpaka akawa anakwenda nayo bafuni. Hoteli moja ilimkubali, halafu ikaeleza kwamba kazi ni kusimama mlangoni akitabasamu. Kila jioni alirudi nyumbani na viatu mkononi na kujikaza kisabuni, na mama yake, muuza mboga ambaye macho yake yalizoea kupima kilichonyauka na ambacho bado, hakumuuliza kitu. Alimsogezea chakula tu.

Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika nyumba moja ya uchapishaji. Nyumba ndogo, jengo la ghorofa moja: juu walikaa wenye maneno, chini walikaa wenye mikono. Kazini walimwita Sindano, kwa kuwa kabla mashine hazijaja yeye ndiye aliyeshona kila kitabu kilichotoka mlango ule, na hata zilipokuja, vitabu vya kushonwa kwa mkono viliendelea kuwa vyake. Alikuwa na mfupa wake wa kukunjia karatasi, laini kwa kushikwa, na mkebe wa nta ya kupakia uzi. Alisoma kila alichokijalidi. Hakuna aliyemtuma. Alisema huwezi kumvalisha mtu usiyemjua.

Jioni moja akaja na habari. "Juu wanatafuta mwanafunzi wa kumsaidia mhariri kusoma prufu, zile kurasa za kusahihisha kabla ya kuchapa."

Mama akapiga makofi. "Basi si umwambie bosi wako ni mwanao!"

"Hapo ndipo penye tatizo," baba akasema.

Mkurugenzi wa nyumba ile alikuwa amewahi kuona kampuni nzima ikifa kwa sababu kila meza ilikuwa na shemeji wa mtu. Alipopata yake aliweka sheria moja, akaitangaza siku ya kwanza na hajawahi kuilegeza: hapa hatuajiri ndugu wala hatupokei mwanafunzi aliye ndugu wa mfanyakazi, na wakigundulika wanatoka wote wawili. Nayo ni sheria nzuri, ila tatizo la sheria nzuri ni kwamba haina macho.

"Kwa hiyo?" Shairi akauliza.

Baba akasugua kidole chenye gundi iliyokauka. "Kwa hiyo pale hatujuani. Jina letu la ukoo kila mtaa unalo, hakuna atakayeshtuka. Wewe ni mwanafunzi, mimi ni mzee wa chini. Ukipanda ngazi, panda."

Mama hakufurahi. "Mficha uchi hazai," akasema. Lakini alisema kwa sauti ya mtu ambaye ameshakubali.

Mhariri mkuu waliyemwita Mama Kalamu alimpa Shairi ukurasa mmoja wenye makosa aliyoyapanda mwenyewe. Shairi akayatoa yote, halafu akauliza kwa woga iwapo na lile la mstari wa mwisho limewekwa makusudi. Halikuwekwa makusudi. Mama Kalamu akavua miwani, akaivaa tena, akamwambia aanze Jumatatu.

Na hapo ndipo kile kilichoonekana kitoto kwenye wasifu kilipogeuka kazi. Alijifunza kusoma prufu kuanzia mwisho kurudi mwanzo, ili hadithi isimteke akapitiliza makosa. Alijifunza kumpigia simu mwandishi mwenye kiburi akamwacha amekubali kufuta sura nzima na bado anashukuru. Alijifunza kuuliza swali la kijinga mbele ya watu bila kufa. Aliandika barua pepe zikaandikwa upya na Mama Kalamu, akaandika nyingine, mpaka siku moja ikapita bila kuguswa, na siku hiyo alitembea kuelekea nyumbani akijisikia mrefu. Wale wa uhasibu wasingemwelewa. Mtu aliyeambiwa kila mlango kwamba hana cha kuuza, akija kugundua anacho, furaha yake haina mfano.

Nao mchezo wa kutojuana ulikuwa mtamu mwanzoni. Walikutana chini ya ngazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe mgeni hapa?"

Kila siku baba alimuuliza kama ni mgeni, uso mkavu, na kila siku Shairi alipanda ngazi akijiuma shavu asicheke. Nyumbani walikuwa wakisimuliana mezani. Baba aliiga mwendo wa mkurugenzi. Shairi alimweleza kinachosomwa juu. Jioni moja alimweleza somo la chuoni alilolipenda kuliko yote, kwamba si lazima hadithi ianze mwanzo. Mwandishi hodari anaweza kuanza na mwisho, akakupa jibu kwanza, halafu akakuacha ulitafute swali. Baba aliacha kutafuna.

"Yaani msomaji anajua mambo yataishaje, na bado anasoma?"

"Ndiyo, baba. Inauma zaidi hivyo."

"Haya," baba akasema, amependa. "Kumbe na nyinyi mna ufundi wenu."

Jambo moja tu lilibadilika kazini. Zamani, Sindano akiona kitu hakimkai sawa alipanda juu na karatasi mkononi akauliza, "Hapa mmemaanisha hivi kweli?" Tangu Shairi aanze, hakupanda tena. Aliogopa uso wake utamsaliti. Alisema akimwona bintiye kwenye meza ile na kalamu nyekundu hawezi kuficha meno. Mama Kalamu akawa analalamika kwamba Sindano siku hizi amewasusa.

Kikaja kitabu cha watoto. Kilikuwa cha picha, kimeagizwa na shule nyingi, na kilisimulia habari za mtoto na mbuzi wake. Kwanza wanaishi vizuri. Kisha mbuzi anapotea. Kisha mtoto anamtafuta kwenye mvua. Kisha anampata, na picha ya mwisho wamelala wote chini ya blanketi moja. Mchoraji aligoma kuwekewa namba za kurasa, alisema zinamchafulia picha. Kitabu chenyewe kilikuwa mikunjo minne, yaani karatasi kubwa nne zilizochapwa na kukunjwa, na kwa kuwa hakina namba, njia ya fundi kujua upi unafuata upi ilikuwa moja tu: mfano. Mfano ni nakala moja inayopangwa juu na wahariri, inabanwa kwa stapla, inapelekwa chini. Fundi haulizi. Anafuata mfano. Siku kazi ikiisha mfano unatupwa na mabaki ya karatasi.

Mama Kalamu siku hiyo alikuwa kwa daktari wa meno, kwa hiyo Shairi ndiye aliyepanga mfano. Mikunjo ilikuwa mezani kwa mpangilio wake mzuri. Kabla hajaibana, mkurugenzi akachungulia mlangoni akamwita. Akamwambia wamemwona, wameipenda kazi yake, na kitabu hiki kikitoka salama na chuo kikamaliza naye, kuna kiti chake pale juu. Kazi. Mshahara wake mwenyewe na jina lake mlangoni.

Alirudi mezani kama aliyemwagiwa maji ya uvuguvugu. Feni ilikuwa imepeperusha mikunjo ikaanguka sakafuni. Akaiokota, akaipanga, akaibana, na kichwani alikuwa tayari nyumbani, anamwambia mama. Moyo ulimwenda mbio kiasi kwamba hakuufungua mfano hata mara moja. Mkunjo wa nne ulikaa wa pili.

Akaushusha mfano chini mwenyewe. "Shikamoo, mzee. Huu hapa mfano."

"Marahaba. Wewe mgeni hapa?"

Alipopanda, Sindano akaufungua akasoma, kama alivyosoma vyote. Mtoto na mbuzi. Halafu mara mbuzi amepatikana, wamelala chini ya blanketi. Halafu ndiyo anapotea. Halafu mvua, na mtoto anatafuta, na kitabu kinaishia hapo hapo, mtoto kasimama kwenye maji akiita. Fundi yeyote angeona. Yeye aliona. Zamani angepanda ngazi. Lakini juu kule alikuwapo Shairi, na mfano ulikuwa wa mkono wa Shairi, na mzee akakumbuka yale maneno ya mezani kuhusu waandishi hodari. Akaitazama tena ile picha ya mwisho, mtoto na mvua. Akaona kweli, inauma zaidi hivyo. Akajisemea moyoni kwamba mwanawe ameanza kazi. Akapaka uzi nta, akawaita wenzake, wakashona.

Katika nyumba ile yote palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kuliona kosa lile kwa wakati, naye aliliona, na alilipenda kwa sababu lilikuwa la mwanawe.

Vitabu vikaenda. Wiki iliyofuata simu zikaanza. Mwalimu mmoja alisema darasa lake zima linalia na wazazi wamekuja juu. Mwingine aliuliza kama hii ndiyo elimu mpya. Vyote vikarudishwa, vikajaa ukumbi wa chini kama magunia, na wateja wakubwa wakasema wataangalia kwingine. Mkurugenzi akashuka, na juu wote wakashuka nyuma yake, Mama Kalamu na shavu lake lililovimba, na Shairi wa mwisho. Alikuwa amekwisha fungua kitabu kimoja. Alikuwa ameshajua.

"Nani amepanga hivi?" mkurugenzi akauliza. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Sindano. Mfano ulikuwaje?"

Sindano alikuwa amesimama kando ya meza yake, mikono nyuma. Alipouona uso wa binti yule aliyesimama mwisho wa mstari, ndipo naye alipoelewa. Haikuwa fasihi. Haikuwa ufundi wowote. Mtoto alikosea tu.

"Mfano ulikuwa sawa, bosi," akasema.

"Wewe," mkurugenzi akamgeukia Shairi. "Ndiye uliyeuleta. Una uhakika ulikuwa sawa?"

Shairi akafungua mdomo. Naapa alikuwa na nia ya kusema. Lakini baba alimtangulia. "Kijana amefanya kazi yake vizuri, bosi. Mimi ndiye niliyechanganya mikunjo. Macho, bosi. Macho yamezeeka."

Wote wakamtazama Shairi, wanangoja. Ilikuwa imebaki kusema neno moja tu, la kweli au la uongo.

"Ndiyo," akasema. "Ulikuwa sawa."

Sindano alifukuzwa pale pale. Alizungushia gazeti mfupa wake wa kukunjia na mkebe wa nta, akawapa mkono wenzake mmoja mmoja. Alipofika kwa Shairi akampa mkono pia, kama unavyompa mtu usiyemjua vizuri. "Kazi njema, binti."

Nyumbani Shairi alikuta mama ameshaambiwa. Akaanguka miguuni pa baba yake akilia, akasema kesho asubuhi atakwenda kusema. Baba akamwinua kwa bega.

"Ukisema kosa, watauliza kwa nini mzee alikuficha. Watajua tu. Tutatoka wote, na wewe chuo kitakuandikia nini? Maji yameshamwagika, mwanangu. Mimi nilikuwa karibu kuchoka hata hivyo. Miguu hii imesimama sana." Akajaribu kucheka. "Halafu kusema kweli, kitabu kilikuwa kizuri hivyo."

Mama alikuwa akichambua mboga ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

Shairi akahitimu. Akapata kiti chake, kama alivyoahidiwa. Kila asubuhi baba aliamka kabla yake, akampigia pasi blauzi, akamfungulia mlango. Jioni alimuuliza: leo mmesoma nini, mwandishi yule kakubali, Mama Kalamu kasema nini. Aliuliza kwa uchu wa mtu anayefuatilia mpira redioni. Kwa mjomba, kwa kinyozi, kwa yeyote aliyekaa naye, alieleza kwamba bintiye yuko kwenye vitabu, juu, upande wa maneno. Mjomba siku hizi hakuuliza tena kama shairi linaliwa. Baba mwenyewe alikwenda kuulizia kazi kwenye viwanda vingine vya kujalidi, lakini habari mbaya ina miguu mirefu. Walimpokea vizuri, wakampa kiti, wakamwambia hawana nafasi. Akaacha kwenda.

Ofisini ndiko kulikomshinda Shairi. Fundi mpya, kijana mcheshi asiye na ubaya wowote, alikuwa na mzaha wake. Mtu akivaa shati ndani nje, alisema kashonewa na Sindano. Mtu akikosea mlango, ni mwanafunzi wa Sindano. Wakati wa chai Sindano alichekwa kila siku. Mara ya kwanza Shairi alitoka nje. Mara ya pili aliinamia kikombe. Kisha siku moja mzaha ulikuwa mzuri kweli, mzaha wa mbuzi, na kabla hajajizuia alijisikia akicheka. Alicheka kwa sauti pamoja na wenzake. Akaacha kikombe, akakimbilia chooni akajifungia.

Ndugu yangu, kuna aibu ambayo mtu anaweza kuishi nayo ilimradi aibebe amenyamaza. Lakini kumcheka mzazi wako kwa kosa lako mwenyewe ni jambo jingine. Alinawa uso, akapiga moyo konde, akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi bila kubisha hodi. Akasema yote. Mfano, feni, mkunjo wa nne. Na kwamba Sindano ni baba yake mzazi.

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho. Shairi akamtazama usoni, akaona kwamba hakuwa na hasira, bali ameumia.

"Kukosea mfano ningekusamehe," akasema. "Hata mimi nilishawahi kupanga mikunjo vibaya nilipokuwa kijana. Lakini mlikuwa mnasalimiana pale chini ya ngazi kila siku mbele yangu. Wawili nyinyi." Akaangalia dirishani. "Nenda kakusanye vitu vyako."

Mama Kalamu alimkumbatia mlangoni, analia, akamwambia amefanya jambo la kishujaa. Shairi akatoka, mkononi ana mfuko mmoja, na ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi. Kazi imekwenda, sawa. Ila jina la baba limesafishwa. Kesho hakuna atakayecheka wakati wa chai. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na katika kupanga huko alikuwa ameshampa baba maneno yake pia. Alimsikia akisema "mwanangu". Alimwona akifuta macho.

Alimkuta amekaa karibu na mlango, mama yuko jikoni. Shairi akapiga magoti, akamweleza bila kupunguza. Baba akasikiliza mikono ikiwa juu ya mapaja.

"Umewaambia mimi ni baba yako?"

"Ndiyo, baba."

"Na kazi?"

"Wamenitoa. Lakini baba, sasa wanajua. Wote wanajua si wewe uliyekosea."

"Nani alikutuma?"

Hakulitegemea swali hilo. "Hakuna. Nilishindwa. Walikuwa wanakucheka, baba. Kila siku."

"Walikuwa wanamcheka nani?"

"Wewe."

"Basi kicheko kilikuwa changu," baba akasema. "Nilikichukua mwenyewe, nikajua nakibeba kwa ajili ya nini. Kila asubuhi ukitoka na mlango ukafungwa, nilikuwa nasema, haya, na mimi nimeingia kazini. Nimepanda juu. Miaka yote nilikuwa chini pale, leo niko juu, nina kalamu." Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyomtisha Shairi. "Ungeniuliza. Jambo moja tu, ungekuja ukaniuliza. Mzigo ulikuwa wangu, wewe ukaona umekulemea ukautua, ukautulia juu ya mguu wangu."

Mama akasimama kwenye mlango wa jikoni. "Baba Shairi, mtoto kasema kweli."

"Nimesikia. Kweli ni nzuri." Akamtazama bintiye, na hakukuwa na hasira machoni pake. Kulikuwa na uchovu ambao Shairi hakuwahi kuuona hata siku ile ya gazeti na mfupa. "Siku ile hawakunifukuza, Shairi. Nilitoka mwenyewe. Leo ndiyo nimefukuzwa."

Akashika ukuta, akanyanyuka, akaingia chumbani. Shairi alimfuata mpaka mlangoni akasema nisamehe, baba, akasema tena, na tena. Mama akapeleka sahani ya chakula ndani, akarudi nayo haijaguswa. Kitanda kililia mara moja, baba akigeukia ukuta. Nje jua lilikuwa bado halijazama, na watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira barabarani.